Kola Imeumuka, Suti Inang'aa: Kutafuta Kosa Kwenye Pasi

Mama mmoja wa Ujiji alinirudishia gauni la kitenge siku tano baada ya kulichukua. Alikuwa amelifua mara moja tu. Akalitandaza juu ya meza yangu, akashika kola kwa vidole viwili, akaniuliza, "Fundi, hii mbona imeumuka kama andazi?" Nikaikagua. Mshono ulikuwa umenyooka, ncha zote mbili zinalingana, uzi haujalegea popote. Lakini kitambaa cha juu kilikuwa kimeachana na kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani kinachoisimamisha kola, kimejaa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Nikamwambia, "Niachie, mama yangu. Kesho asubuhi pitia uchukue." Usiku ule nilifumua kola nzima, na kila nilipochambua nilikuta jambo lilelile: nilipiga pasi kwa haraka.

Tangu siku hiyo, kazi ikirudi naanza kuichunguza pasi kabla ya kugusa cherehani. Sisi mafundi tunaijali cherehani. Tunaitia mafuta, tunabadilisha sindano, usiku tunaifunika. Pasi tunaisukumia chini ya meza na waya wake ukiwa umeviringishwa ingali moto. Halafu tunashangaa kwa nini nguo iliyoshonwa vizuri inaonekana kama ya kujifunzia.

Nitaeleza dalili moja baada ya nyingine kama ninavyokutana nazo hapa Kigoma. Ila kwanza tuelewane kuhusu mkono. Nguo iliyofuliwa unainyoosha kwa kuisukuma pasi mbele na nyuma. Nguo ambayo bado inashonwa haisukumwi. Unaweka pasi, unakandamiza, unahesabu, unainua, unaihamishia pembeni. Ukishika hilo, robo ya matatizo yafuatayo hutayaona kabisa.

Mshono una mikunyanzi hata baada ya pasi

Hapa ndipo cherehani inaposingiziwa sana, na mara nyingine ni kweli ina kosa. Tenganisha hivi. Chukua mabaki ya kitambaa hichohicho, shona mstari wa sentimita 20. Usiufungue mshono. Ulaze kama ulivyotoka kwenye mashine, ukandamize upande mmoja, ugeuze, ukandamize wa pili, ili uzi uzame ndani ya kitambaa. Ndipo uufungue kwa kidole na kuupiga pasi ukiwa wazi. Uache upoe palepale ulipolala.

Ukinyooka na kubaki umenyooka, tatizo lilikuwa kuruka hatua ya kwanza. Ukinyooka ukiwa moto na kujikunja tena ukipoa, rudi kwenye mashine: mkazo wa uzi wa juu au wa bobini umezidi, au sindano ni nene kuliko kitambaa. Ukikaa vizuri mpaka siku ya kufuliwa ndipo ujikunje, kitambaa kimerudi, yaani kimepungua ukubwa. Vitenge vya pamba vinavyoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi kutoka ng'ambo ya ziwa vinapendeza, lakini vingi vinarudi kwenye maji. Loweka kitambaa, kianike, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo ukate. Mteja akisema ana haraka, mwonyeshe kitenge kilichorudi. Mimi nimeweka kipande kimoja dukani kwa ajili hiyo.

Kitambaa cheusi kinang'aa

Hili ndilo linalotuharibia jina kwa wateja wa suti, na wengi hawajui sababu yake.

Nguo nyingi za rangi nyeusi na bluu ya giza tunazoshona ni za polista au mchanganyiko wake. Polista huyeyuka karibu na nyuzi joto 260, kwa hiyo mtu hudhani akibaki chini ya hapo yuko salama. Kumbe nyuzi zake zinaanza kulainika mapema sana, kwenye nyuzi joto 70 au 80 tu. Pasi ya nyuzi joto 150 ikiwekewa uzito wa mkono, nyuzi zile za mviringo zinalala bapa, na kila uzi uliolala bapa unarudisha mwanga kama kipande kidogo cha kioo. Ukisukuma, unazilaza zote upande mmoja. Ndiyo maana mng'ao unaanzia pale palipo na unene: juu ya zipu, kwenye mdomo wa mfuko, kwenye pindo la suruali.

Je, unatoka? Inategemea ni kitambaa gani, na suti za mtumba mara nyingi lebo imekatwa. Chomoa uzi mmoja kwenye akiba ya mshono, ule ukingo wa kitambaa unaobaki ndani, uuchome kwa kiberiti juu ya kisahani. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kitonge kigumu cheusi. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Pamba inanuka karatasi iliyochomwa na kuacha majivu laini. Kama ni sufu, lowesha kitambaa cheupe, ukikamue sana, kiweke juu ya mng'ao, shusha pasi mpaka uguse tu bila kukandamiza, kisha piga mswaki laini kinyume cha malaika, yaani vinyweleo, ya kitambaa. Nyuzi zinaamka. Kama ni polista, mvuke utapunguza kidogo, lakini nyuzi zilizokwisha kulala bapa hazirudi. Mwambie mteja ukweli mapema.

Kinga yake ni rahisi mno. Piga pasi upande wa ndani. Ukilazimika kupiga upande wa nje, weka kitambaa cha kufunikia. Mimi natumia marekani, kwa sababu ni pamba tupu, haina rangi ya kutoka, na unaona kitu kilicho chini yake kwa mbali. Kitambaa hiki kina historia na mji wetu: zama za misafara marekani ilikuwa fedha njia nzima ya kutoka pwani hadi Ujiji, watu wakilipana kwa vipimo vya mikono na majora ya kitambaa hicho. Leo kipande cha nusu mita kinaniokolea suti za watu.

Angalia pia nukta zilizo kwenye kirungu cha pasi ya umeme. Nukta moja ni kama nyuzi 110, kwa nailoni na bitana nyepesi. Mbili ni kama 150, kwa polista, hariri na sufu. Tatu ni kama 200, kwa pamba na kitani. Kitambaa cha mchanganyiko kifuate uzi ulio dhaifu zaidi ndani yake.

Ndugu yake mng'ao ni ile mistari miwili inayojitokeza nje sambamba na mshono. Hiyo ni akiba ya mshono imejichora upande wa pili. Kata vipande vya karatasi ngumu, vipenyeze kati ya akiba na nguo, ndipo upige pasi. Au tengeneza gogo: mwanzi mnene wenye urefu wa mkono, uliozungushiwa kanga kuukuu mara nyingi na kushonewa. Ukilaza mshono juu yake, pasi inagusa mstari wa uzi peke yake, akiba zinaning'inia pembeni. Mikono ya koti na miguu ya suruali bila gogo ni mateso.

Kola imeumuka

Turudi kwa yule mama. Kanvasi ya kubandika kwa pasi ina chembe za gundi upande mmoja, na gundi hiyo inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: joto, uzito na muda. Kikikosekana kimoja, inashika juujuu. Kwenye meza inaonekana imekamata, kwenye beseni la kufulia inaachia.

Mbandiko uliokosa muda unajulikana ukivuta kona: kanvasi inabanduka safi, chembe za gundi zikiwa bado duara. Uliopata joto kupita kiasi ni kinyume chake: gundi imepenya hadi nje, kitambaa kimekuwa kigumu chenye madoa yanayometameta kama kimemwagikiwa uji mwembamba. Uliosukumwa una mawimbi ya mshazari, kwa sababu kanvasi ilisogea kabla gundi haijakamata. Na kuna ule uliobandikwa vizuri kabisa lakini kitambaa hakikulowekwa: kitenge kinarudi, kanvasi hairudi, kola inaumuka. Gauni la yule mama lilikuwa na makosa mawili, la muda na la kutoloweka.

Njia ninayofuata sasa ni hii. Naweka kanvasi upande wa gundi ukitazama ndani ya kitambaa. Nafunika kwa marekani yenye unyevu. Nashusha pasi ya nukta mbili, naegemea kwa uzito wa mwili, nahesabu polepole hadi kumi na mbili. Nainua, naisogeza kwa nusu ya upana wa pasi ili nisiache pengo, narudia. Nikimaliza siigusi. Gundi ya moto bado ni maji, na kola ikiinuliwa kabla ya kupoa inajitenga yenyewe. Dakika mbili au tatu za kusubiri ndizo mafundi wengi wanazikosa, hasa wiki za kuelekea sikukuu wakati foleni imefika mlangoni.

Madoa ya kahawia na unga mweupe kutoka kwenye pasi ya mvuke

Rafiki yangu wa Gungu alinunua pasi ya mvuke ya bei kubwa. Miezi michache baadaye ikaanza kutema vipande vyeupe juu ya kitambaa cheusi, kisha matone ya kahawia juu ya kitambaa cheupe. Akaamini ameuziwa feki. Nilipoikagua nilikuta matundu ya kitako yamezibwa na ukoko uleule unaouona kwenye birika la chai.

Mji wetu unakunywa Ziwa Tanganyika. Maji yake ni maangavu, lakini yana magadi. pH yake, kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9, na yana magneziamu nyingi. Sababu iko kwenye ziwa lenyewe. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango wake wa kutokea, lakini maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kupanda hewani, na yakipanda yanaacha madini nyuma. Pasi ya mvuke inafanya kazi hiyohiyo ndani ya kitangi chake. Unamimina maji, yanapanda kama mvuke, madini yanabaki, unamimina mengine. Baada ya mwezi wa kazi ya kila siku umetengeneza ziwa dogo la chumvi kando ya mkono wako.

Maji ya mvua ndiyo dawa. Sisi mvua tunayo kwa miezi mingi, kuanzia Oktoba au Novemba hadi karibu Mei. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye madumu yenye kifuniko. Kuyachemsha maji ya bomba kunapunguza ukoko kidogo tu. Kama pasi imekwisha kuziba, na kitabu chake hakikatazi, changanya siki na maji kwa kipimo sawa, jaza kitangi nusu, ipashe moto, ichomoe, iache saa moja, kisha ipashe tena na utoe mvuke wote juu ya tambara. Suuza kwa maji ya mvua mara mbili. Doa la kahawia ni kutu, au ni ukoko ulioungua, na kwa kawaida linatokana na maji yaliyoachwa ndani usiku kucha. Mwaga kila jioni pasi ikiwa bado na joto.

Hata hivyo, fundi wa hapa akiniuliza anunue pasi gani kwanza, namwambia pasi kavu ya umeme, nzito, yenye kitako cha chuma kisicho na matundu, wati 1,000 au zaidi kidogo. Mvuke atautengeneza mwenyewe kwa marekani iliyoloweshwa na kukamuliwa, mahali anapoutaka, kwa kiasi anachokitaka. Uzito wa chuma unampumzisha bega. Na mashine isiyo na kitangi haina kitu cha kuziba. Ya mvuke itakuja baadaye, kazi za suti zikiongezeka.

Pasi inanata na kukokota kitambaa

Geuza utazame kitako. Utando wa kahawia ni wanga wa kitenge kipya ulioungua. Sugua pasi ya uvuguvugu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Uchafu mweusi unaovutika ni gundi ya kanvasi. Ipashe moto, uifute juu ya tambara la pamba ukibadilisha mahali kila mara. Plastiki ya kifungo au nailoni iliyoyeyuka, ipashe tena mpaka ilainike, uisukume kwa kijiti cha mti. Wembe, msasa na steliwaya viache kabisa. Mchoro mmoja kwenye kitako utakwaruza kila hariri utakayoigusa maisha yote ya pasi hiyo.

Kitako cha chuma kikishakuwa safi, kipake nta ya nyuki. Mkoa wetu una wafuga nyuki wengi, Kibondo na kwingineko, na jirani zetu wa Tabora ndio wenyewe, kwa hiyo nta haitusumbui kuipata. Funga kipande ndani ya tambara la pamba, pitisha pasi ya moto juu yake mara moja, halafu ifute kwenye tambara lingine mpaka lisionyeshe alama. Itateleza kama iko juu ya maji. Nta ikibaki nyingi itatia doa la mafuta kwenye nguo. Kitako chenye rangi ya kuzuia kunata hakihitaji nta.

Shingo imepanuka, pindo limekuwa wimbi

Umesukuma pasi kwenye mshazari. Kaba ya shingo, mkato wa kwapa na sketi ya duara vina nyuzi zilizokaa pembe, zinavutika kama mpira zikipata joto. Shona mstari wa kuzuia mara tu baada ya kukata, na hapo usifanye chochote isipokuwa kuweka na kuinua.

Marinda ya sketi za shule hayakai

Wengi wanaongeza joto, na matokeo yake ni mng'ao. Kinachokosekana ni kupoa chini ya uzito. Nina kipande cha mninga kilichorandwa laini, ukubwa wa tofali lililopasuliwa mara mbili kwa urefu, bila vanishi wala mafuta. Nalikandamiza rinda kwa pasi na marekani yenye unyevu, nainua pasi, papo hapo naweka ubao juu na kuuegemea. Mbao inafyonza mvuke, inashika joto, na rinda linapoa likiwa limebanwa. Ukiinua ubao unakuta ukingo umekuwa mkali, kiasi kwamba ukipitisha ukucha unausikia. Kwa tetroni ngumu, tia siki kidogo kwenye maji ya kuloweshea marekani, na ujaribu kwanza ndani ya pindo kama rangi inahimili.

Pasi inaanza vizuri, baada ya nguo mbili inapoa

Umeme mdogo. Nguvu ya pasi haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kasi zaidi. Soketi ya volti 230 ikibaki na 180, pasi ya wati 1,000 inatoa kama 610 tu. Itafika kwenye joto lake, lakini kila kitambaa chenye unyevu kikilinyonya inachelewa kulirudisha. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta, kwa hiyo tabia hii tunaijua: tulikuwa tunapanga kazi nzito saa ambazo watu hawajawasha majiko. Mpaka leo, jioni taa zikififia, mimi naacha pasi ipumzike dakika moja kati ya nguo na nguo.

Shika pia waya wa ekstensheni. Ukiwa na joto, joto la pasi yako linaishia hapo, na siku moja litaishia kwenye moto. Pasi ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Waya mwembamba wa kuchajia simu haubebi hiyo. Ukisikia inapiga shoti kidogo ukigusa kitako, ichomoe na usiitumie tena mpaka fundi umeme aipime.

Pasi ya mkaa: masizi, matundu na kichwa kuuma

Umeme ukikatika, pasi ya jogoo ndiyo inayomaliza kazi. Ukinunua, nenda na kipande cha kioo. Weka kitako juu yake, tazama usawa wa macho: mwanga ukipenya katikati, kitako kimepinda. Funga kifuniko uone kama kinakaa bila kucheza, mshikio wa mti usiwe na ufa, na matundu ya hewa yawe pembeni juu ya usawa wa makaa.

Nguo ikipata vidoa vyeusi, mkaa haukukolea. Washia nje, subiri moshi uishe na makaa yote yawe mekundu, yakung'ute majivu, ndipo ufunge. Nguo ikipata vitundu vidogo, umepuliza au kupepea ukiwa juu yake. Toka nayo nje kila unapotaka kuichochea. Kupima joto, dondosha maji kwenye kitako. Yakitulia na kuchemka taratibu, bado. Yakilia na kukauka, fanya vitambaa vyepesi kwa kufunika. Yakikimbia kama shanga, hilo ni joto la pamba nzito, na polista ikae mbali. Kisha pitisha pasi juu ya jani bichi la mgomba: linaondoa masizi na kulainisha kitako kwa wakati mmoja.

Kichwa kikianza kuuma au ukasikia kizunguzungu, acha kazi utoke nje. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua kinaijaza bila wewe kujua. Fungua mlango na dirisha vielekeane, hata kama mvua inaingia. Mtoto asilale kwenye chumba hicho.

Ukimaliza, mwaga makaa kwenye ndoo ya mchanga na uiache pasi wazi ipoe. Majivu yote yatoke. Yakilala ndani yanavuta unyevu wa ziwa, na asubuhi unakuta kutu imeanza kwenye pembe za kitako.